Wimbo wa "Side by Side": yanayosemwa Lubumbashi na yaliyo kweli

Hapa Lubumbashi, wapenzi wa nyimbo za kale wakisikia "Side by Side" (yaani "bega kwa bega"), wimbo wa watu wawili wasio na pesa wanaoimba kwa furaha, hudhani mara moja kwamba wimbo huo ulizaliwa na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Dhana hiyo ina chanzo chake, kwa kuwa miaka ile migodi ya Katanga iliachisha kazi maelfu ya watu, na habari hizo zimebaki katika masimulizi ya familia nyingi. Hata hivyo, "Side by Side" ulitungwa na Harry Woods wa Marekani mwaka 1927, miaka miwili kabla ya mdororo huo.

Wengine husema mwenye wimbo ni mwimbaji Kay Starr wa Marekani. Ni kweli kwamba rekodi yake ya mwaka 1953 ilipendwa sana, lakini miaka 26 kabla yake Paul Whiteman na bendi yake walikwisha kuurekodi, na Nick Lucas vilevile, mwimbaji aliyesifika kwa gitaa lake. Sisi tuliolelewa na gitaa la Mwenda Jean Bosco, mwanamuziki wa Katanga, tungepaswa kumjua Lucas kwanza.

Dhana iliyoenea zaidi, na ambayo mimi naiona nzito kuliko zote, ni kwamba wimbo unausifu umaskini. Ukisikilizwa vizuri, ufukara hautajwi kama baraka: pipa la pesa hawana, mavazi pengine yamechakaa, hata mbingu ikianguka si neno, ila kwa sharti moja, kwamba wawe pamoja. Furaha yote imefungwa kwenye sharti hilo. Ndiyo maana idadi ya waimbaji inabadili maana: akiimba mmoja, msikilizaji hulazimika kumwazia mwenzake, ilhali katika rekodi ya Ray Charles na Betty Carter ya mwaka 1961 mwenzi huyo yupo na sauti yake inasikika. (Wanaouita wimbo wa mapenzi tu wajue kwamba kiitikio hakitaji busu wala ndoa.)

Jumapili moja huko Kamalondo, hapa hapa mjini, niliwasikia vijana wawili wakiujaribu kwa gitaa moja na chupa ya Fanta iliyogongwa kwa msumari. Mgonga chupa hakujua Kiingereza, lakini kila walipofikia jina la wimbo alisimamisha msumari, akaimba maneno hayo matatu pamoja na mwenzake, kisha akaendelea kugonga.