Rekodi ya kura ya mbunge, na kwa nini "nipo" si "ndiyo"

Ukiitwa jina darasani ukajibu "nipo", mwalimu amejua jambo moja tu: hukutoroka. Kama hesabu za jana umezifanya au hukuzifanya, hilo bado. Katika Seneti ya jimbo la Illinois, Marekani, jibu hilo lina kitufe chake. Seneta akiwa mezani pake anabonyeza kijani kwa ndiyo, chekundu kwa hapana, au cha manjano, maana yake nipo. Barack Obama alikaa katika Seneti ile kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004. Alipiga kura zipatazo 4,000, na 129 kati ya hizo zilikuwa "nipo". Alipokuja kugombea urais, namba hiyo ikageuka fimbo. Hillary Clinton aliishika kwenye mdahalo wa South Carolina, Januari 2008, mbele ya nchi nzima.

Je, ilikuwa fimbo ya haki? Hapo ndipo inabidi tujue rekodi ya kura ni kitu gani hasa.

Kwanza tuelewane juu ya neno "jimbo", maana linatuchanganya. Kwa Mtanzania mbunge wa jimbo ni yule anayeketi Dodoma akiwakilisha, tuseme, Kilombero. Mkenya humwita mbunge wa eneo bunge fulani. Majimbo ya Marekani ni kitu kingine. Yako 50, kila moja lina katiba yake, gavana wake na bunge lake la kutunga sheria. Bunge la Illinois liko mji wa Springfield, na seneta wa kule si seneta wa Washington. Anayefanana naye kidogo kwetu ni Mwakilishi wa Baraza la Wawakilishi Zanzibar: anatunga sheria kweli, ila si za nchi nzima. Wabunge wa namna hiyo Marekani wanazidi 7,000, na ndio wanaoamua mambo yanayomgusa mtu kila siku, kama shule, polisi, leseni na adhabu za mahakamani.

Sasa dhana yenyewe. Rekodi ya kura ni orodha ya kila alichobonyeza mbunge: muswada gani, siku gani, jibu gani, pamoja na siku ambazo hakuwepo. Msimamo wa kisera ni kile anachosema anakiamini, kwenye mkutano wa hadhara, kwenye kipeperushi, redioni. Msimamo unatoka mdomoni na kura inatoka kidoleni. Watu wengi hudhani kidole hakidanganyi, kwa hiyo ukitaka kumjua mtu achana na maneno yake, soma kura zake. Mimi nasema nusu yake ni kweli. Kidole hakidanganyi, lakini pia hakielezi.

Tuirudie "nipo". Katiba ya Illinois inataka muswada upitishwe na wengi wa wajumbe waliochaguliwa, na hesabu haiangalii wangapi wamehudhuria siku hiyo. Seneti ina viti 59, kwa hiyo ndiyo zinazohitajika ni 30. Zikipatikana 29, muswada umeanguka, hata kama waliobaki wote wamesema "nipo" na hakuna aliyesema hapana. Kwa hesabu hiyo kitufe cha manjano kinaangusha muswada sawasawa na chekundu. Tofauti iko kwenye karatasi tu: kesho mpinzani hawezi kuandika kwenye bango kwamba fulani "alipinga".

Na karatasi hiyo ina watu wanaoijua kuitumia. Mwaka 2001 ilikuja miswada kadhaa iliyohusu utoaji mimba. Shirika la Planned Parenthood la Illinois, linalotetea haki ya kutoa mimba, lilikubaliana na maseneta kadhaa, Obama akiwamo, wabonyeze "nipo". Lengo lilikuwa kuwapa kivuli wenzao waliotoka maeneo magumu, ili wasionekane wako peke yao. Unaweza kuuita mkakati, unaweza kuuita kukwepa; wapo waliosema hivi na wapo waliosema vile. Ila ukiisoma ile "nipo" bila habari hii, utadhani mtu alishindwa kuamua, kumbe aliamua mapema na kwa mpango.

Kuna na kinyume chake: kura inayoonekana rahisi kumbe ilitoka jasho. Mwaka 2003 Illinois ilipitisha sheria ya kuwalazimisha polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Wakati huo jimbo lilikuwa na aibu ya watu waliohukumiwa kifo na baadaye kubainika hawana hatia, baadhi wakiwa wamekiri baada ya kubanwa. Polisi na waendesha mashtaka waliukataa muswada ule mwanzoni. Obama, aliyeudhamini, alizunguka nao vikao kwa vikao, akibadilisha kifungu hapa, akilegeza pale. Ulipofika Seneti haukupata hata kura moja ya kupinga. Ukifungua rekodi leo unakuta safu ya ndiyo tupu, kama vile lilikuwa azimio la kumpongeza kocha wa timu. Jasho lote lilimwagika kabla ya kura.

Halafu kuna pengo, yaani siku ambayo hakuna kitufe kilichobonyezwa. Mwishoni mwa 1999 Obama alikuwa Hawaii na familia yake, mtoto akaugua, akabaki huko. Springfield nako ukapigiwa kura muswada wa kudhibiti bunduki, ukaanguka kwa kukosa kura chache. Kura yake pekee isingeuokoa, lakini nani anasikiliza hesabu wakati wa kampeni? Mwaka 2000 aligombea kiti cha Bobby Rush katika Bunge la Marekani, pengo lile likasemwa kila kona, naye akashindwa vibaya.

Ndiyo maana nina wasiwasi na zile alama ambazo mashirika ya Marekani huwapa wabunge. Chama cha wenye bunduki, NRA, hutoa herufi kuanzia A hadi F kama ripoti ya shule. Watetezi wa mazingira hutoa asilimia. Zinasaidia kwa mtu asiye na muda, ila shirika lenyewe ndilo lililochagua kura zipi zihesabiwe, kwa hiyo alama inakueleza habari za shirika karibu sawa na inavyokueleza habari za mbunge.

Huku kwetu mara nyingi hata hiyo karatasi haipo. Spika anauliza, "Wanaoafiki?" Sauti. "Wasioafiki?" Sauti nyingine, hafifu. "Nadhani walioafiki wameshinda." Imekwisha, na jina la mtu halikuandikwa popote. Kura ya majina huja kwa nadra, kama Bajeti ya Serikali Dodoma. Wakenya waliona uzito wake tarehe 25 Juni 2024: Muswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, na majina ya waliosema ndiyo yalikuwa kwenye simu za vijana. Illinois haina hiari katika hili. Katiba yake inaagiza kwamba kura ya mwisho ya kila muswada iwekwe kwenye kumbukumbu, jina kwa jina.

Hata hivyo kumbukumbu hiyo inashika kila kitu, hata kidole kilichoteleza. Zaidi ya mara moja Obama alisimama ukumbini kusema amebonyeza kitufe ambacho hakukikusudia. Utaratibu wa Springfield ni kwamba maelezo ya seneta yanaandikwa kwenye kumbukumbu za siku hiyo, na kura inabaki kama ilivyobonyezwa.