"Get cracking": maana yake na namna ya kuitumia

Wengi wetu tulifundishwa kwamba "crack" ni ufa, au ni kitu kupasuka. Kwa hiyo anayekutana na "get cracking" kwa mara ya kwanza huanza kutafuta kilichopasuka, wala hakuna. Nahau hii ya Kiingereza cha mazungumzo maana yake ni kuanza kazi sasa hivi, tena kwa kasi, bila kupoteza muda zaidi.

Tuseme kikao cha asubuhi kimekwisha. Kazi zimegawanywa, vikombe vya chai vitupu, na watu bado wanapiga soga. Msimamizi anainuka na kusema: "Right, let's get cracking." Hajawaambia wafanye nini, maana hilo wanalijua, anachowaambia ni kwamba soga zimetosha. Sisi tungesema "Haya, tuchape kazi" na ujumbe ungefika, ingawa kazi mtu anaweza kuichapa kutwa nzima, na "get cracking" inahusu ule mwanzo tu. Usimwambie hivyo mtu aliyekwisha kuzama kazini. Atadhani hujamwona akifanya kazi, au unamwita mvivu. Huyo, kwa Kiingereza cha Uingereza, huambiwa "crack on", yaani aendelee vivyo hivyo bila kulegea. Nahau hizi mbili zinafanana kwa sura, na wanaojifunza huzichanganya sana.

Kisarufi haina matata. "Cracking" haigeuki kamwe, kinachobadilika kufuata wakati ni "get": "We got cracking straight after lunch." Ukitaka kuitaja kazi yenyewe, weka "on": "Let's get cracking on the report." Halafu kuna "We'd better get cracking", yaani afadhali tuanze sasa hivi, ambayo utaisikia kila mara muda unapobana. Mnataka kufika Mombasa kabla ya giza na mizigo bado iko sebuleni: hapo ndipo mahali pake. Ile "'d" ni "had", si "would", na haimaanishi wakati uliopita. Hutamkwa kwa wepesi kiasi kwamba sikio huikosa, na ndiyo maana watu huandika "we better". Wewe unapoandika, usiiache hiyo "'d".

Ila jambo la kuangalia zaidi ya yote ni unamwambia nani. "Get cracking!" peke yake ni amri. Mzazi humwambia mtoto ambaye hajagusa kazi za shule na saa ya kulala imekaribia. Kocha huwaambia wachezaji wake. Marafiki huambiana bila kinyongo. Kwa bosi, mteja au mtu aliyekuzidi umri, itasikika kama unamsukuma mgongoni. "Let's" huipunguza makali kwa sababu nawe unajiweka kwenye kazi hiyo hiyo. Na ukijisemea mwenyewe, ukali wote huisha. Bosi akikutumia kazi, unaweza kumjibu kwa raha, "I'll get cracking on it straight away", naye atafurahi, maana unayehimizwa hapo ni wewe. Kwa maoni yangu, anayejifunza aanze na sentensi za namna hiyo, za kujihimiza yeye, kabla hajaanza kuwahimiza wengine.

Katika barua ya kuomba kazi au ripoti ya ofisi, iache kabisa. "Begin" na "start" zinatosha.

Ziko nahau nyingine za jirani. "Get going" ni pole kidogo, na hutumika pia mtu anapoaga. "Get a move on" humlenga anayechelewa na ina lawama ndani yake. "Get the ball rolling" ni kuanzisha jambo ambalo wengine watalipokea na kuliendeleza, kama yule anayetoa mchango wa kwanza kwenye kikao cha harusi.