Vipindi vya kale vya Krismasi kwenye redio ya valvu

Krismasi ya redio huanza tarehe 29 Novemba. The Cinnamon Bear, mchezo wa watoto uliotengenezwa Marekani mwaka 1937, una sehemu 26 za robo saa, moja kwa kila siku. Ukianza tarehe hiyo, sehemu ya mwisho itaangukia mkesha wa Krismasi. Msiumalize kwa mpigo mmoja, tafadhali. Mtoto anayengoja hadi kesho ndiye anayeupata utamu wake. Mkesha wenyewe uwekeeni A Christmas Carol, hadithi ya mzee bahili Scrooge, katika mchezo wa redio wa Mmarekani Orson Welles uliorushwa tarehe 24 Desemba 1939, Lionel Barrymore akiwa Scrooge.

Mimi hushikilia kwamba vipindi hivi vitoke kwenye redio ya mbao ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti), si kwenye simu. Sauti kali za juu ni chache katika rekodi hizi, kwa hiyo spika ya kisasa hukuletea mikwaruzo ya santuri kuliko maneno. Spika ya karatasi ndani ya kasha la mbao huimeza mikwaruzo hiyo, na mwigizaji akabaki ukumbini pamoja nanyi.

Tazama nyuma ya redio: tundu mbili zenye herufi PU, au picha ya santuri, ndizo za kuingizia sauti ya nje. Waya wa simu una njia mbili, kushoto na kulia. Usiziunganishe moja kwa moja, kwani kila upande utaulemea mwenzake na sauti itachakaa. Tia rezista (kipande kinachozuia sehemu ya mkondo wa umeme) ya kiloomu 1 kwa kila njia, kisha ndipo uziunganishe ziende PU. Sauti ya simu iwe robo tatu, mengine yarekebishwe kwenye redio. Lakini redio isiyo na transfoma ya stima usiichomeke simu kabisa: chuma chake cha ndani huweza kuwa na umeme wa ukutani, nao utapita hadi mkononi. Mpe fundi aikague.

Hapa Mombasa adui ni unyevu na chumvi, na Desemba ni kaskazi, joto tele. Kapasita, vile vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, zikiwa za karatasi na nta hunyonya unyevu zikaanza kuvujisha umeme. Inayoponza zaidi ni ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho. Ikivuja, valvu hiyo hupata moto kupita kiasi, sauti hukwaruza baada ya dakika kumi, na mwishowe transfoma huungua. Ibadilishwe kwa ya plastiki ya volti 630, yenye thamani ileile, hata kama redio bado inaimba. Kapasita kubwa za kuchuja umeme nazo zikikauka, utasikia mvumo usiokoma.

Redio iliyolala miaka usiichomeke ukutani moja kwa moja. Hakikisha kwanza kichaguzi cha volti kiko kwenye 240, kisha uipitishie stima kwenye balbu ya wati 60 ya waya, si ya LED, iliyofungwa mfululizo, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike redioni. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, kuna shoti, zima.

Kasi ya rekodi wengi huisahau. Vipindi hivi vilihifadhiwa kwenye santuri za inchi 16, na aliyenakili akizizungusha haraka, Scrooge huwa na sauti ya kijana. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, chagua sekunde chache zisizo na maneno, uangalie mvumo wa stima ulioingia kwenye rekodi. Wa Marekani ni hezi 60. Ukiukuta kwenye 62, faili inakimbia kwa karibu asilimia 3. Punguza kasi yenyewe, si toni peke yake. Ikiwa iko mivumo miwili, mmoja 60 kamili na mwingine pembeni, fuata ule wa pembeni, maana huo wa 60 huenda uliingia wakati wa kunakili.

Ibada ya nyimbo kutoka King's College, Cambridge, iliyoanza kurushwa na BBC mwaka 1928, huanza saa tisa alasiri kwa Uingereza, yaani saa kumi na mbili jioni hapa kwetu, tarehe 24. Washa redio robo saa kabla, valvu zipate joto. Mkimaliza, iacheni ipoe nusu saa, kisha mwifunike kwa leso ya pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani.