Sonona si sehemu ya kisukari

"Ukiwa na maradhi ya kudumu lazima uwe na huzuni; ugonjwa ukidhibitiwa, moyo utatulia wenyewe." Maneno haya tumeyasikia miaka mingi, na husemwa kwa nia njema. Lakini si sahihi, na yamewachelewesha wengi kupata matibabu.

Huzuni baada ya kuambiwa una kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo ni ya kawaida. Huja na kuondoka. Mgonjwa bado hucheka akimwona mjukuu wake. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni kitu kingine: hudumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na mara nyingi hata yale aliyoyapenda hayamfurahishi tena. Uchovu na kukosa usingizi vyaweza kuletwa na ugonjwa wa mwili wenyewe, ndiyo maana swali la kama bado anafurahia chochote lina uzito mkubwa.

Mwaka 2007, takwimu za Shirika la Afya Duniani kutoka nchi 60 zilionyesha kuwa sonona ikiambatana na maradhi ya kudumu hudhoofisha hali ya mtu kuliko sonona peke yake, na kuliko maradhi hayo peke yake. Sababu mojawapo utaiona mezani kwa mgonjwa: vidonge vya Jumatatu hadi Alhamisi bado vimo kisandukuni. Hakusahau. Hakuona faida ya kuvimeza. Sukari inapanda, mwili unachoka, moyo unazidi kuzama.

Sonona hutibika hata pale ugonjwa wa mwili usipopona, kwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Siku ya kliniki, mweleze daktari hali ya moyo wako hata asipouliza, na umtajie dawa zote unazotumia.