Je, wajua kwa nini kura ya umeya New York mwaka 1886 haikuwa siri?

Uchaguzi wa meya wa Novemba 2, 1886 watu wanaukumbuka sana kwa sababu ya Theodore Roosevelt, yule aliyekuja kuwa rais. Akiwa na miaka 28 tu aliambulia nafasi ya tatu, kura 60,435, maana wafuasi wengi wa chama chake cha Republican walimkimbilia Abram Hewitt wa chama cha Democratic kwa kumwogopa Henry George, mgombea wa vyama vya wafanyakazi aliyetaka kodi ibebwe na ardhi. Hewitt akashinda kwa 90,552, George 68,110.

Sasa stori inayozunguka ni kwamba George aliibiwa usiku kwenye kuhesabu, eti kura zake zikatupwa mtoni. Tammany Hall, ule mtandao wa Democratic ulioishika siasa ya jiji, hawakuwa malaika, kwa hiyo inawezekana, ila haijawahi kuthibitishwa. Tena ukikomaa na wizi wa usiku unapitwa na kituko kilichofanyika mchana kweupe, na kihalali kabisa.

Serikali haikuchapisha karatasi za kura! Kila chama kilijichapia zake, zenye majina ya watu wake, mawakala wanazigawa pale pale kituoni, wewe unapokea, unaenda kutumbukiza kwenye sanduku, basi. Yaani bosi wako, mwenye nyumba wako, au jamaa wa Tammany aliyekutafutia kibarua akisimama hapo pembeni anaona umepokea ya nani, ni sawa na kwenda uwanjani na jezi ya timu halafu udai ushabiki wako ni siri. Na aliyenunua kura hakuwa na presha, anakusindikiza kwa macho mpaka kwenye sanduku.

Chama kipya kama cha George kilibidi kijichapie makaratasi na kipate watu wa kuyagawa, hela yenyewe ya kuunga unga. Ukiwaza hivyo, 68,110 si mchezo. Na George mwenyewe alikuwa anaipigia debe kura ya siri ya mtindo wa Australia, yaani serikali ichapishe karatasi na mtu apige kura faraghani, tangu 1871.

Gavana wa New York, David Hill, aliukataa muswada wa kuleta mageuzi hayo mwaka 1888 na tena 1889, sheria ikapita 1890. Hata hapo kila chama kilibaki na karatasi yake, ila sasa mchapishaji ni serikali na mpiga kura anachagulia ndani ya kibanda.