Juisi ya embe si sawa na embe

Hapa Lamu, mtu akiambiwa apunguze sukari, huacha soda na halua akahamia juisi ya embe. "Hii ya asili, maembe ya shamba letu, hayajapigwa dawa." Sawa, lakini kilimo hai kinahusu jinsi embe lilivyokuzwa, sukari iliyomo haipungui.

Mambo huharibika kwenye blenda na chujio. Glasi kubwa humeza maembe mawili au matatu, makapi yenye nyuzinyuzi yakatupwa, sukari ikanywewa kwa dakika mbili. Kuyatafuna yote matatu, wengi wangeshiba njiani. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 uliweka sukari ya juisi, na hata ya asali, fungu moja na ile ya kopo: jumla isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kama gramu 50 kwa mtu mzima. (Juisi ya ukwaju ndiyo usiseme, bila sukari nyingi nani ataimaliza?)

Baada ya chakula, kata papai na embe vipande, kamulia ndimu, nyunyizia iliki kidogo. Mwenye kisukari bado apime kiasi, maana tunda zima nalo lina sukari.