Mnyoo wa matamvuani kwenye dagaa wa Tanganyika: maswali ya walaji

Nasikia dagaa wa Kigoma wana mnyoo mpya. Ni kweli?

Jina ndilo jipya. Mwaka 2018 mtafiti Nikol Kmentová na wenzake, wakiwemo watafiti wa Uvira na Burundi, walimtangaza mnyoo bapa wa dagaa wa Ziwa Tanganyika na kumwita *Kapentagyrus tanganicanus*. Kapenta ndivyo Wazambia wanavyowaita dagaa hao. Mnyoo mwenyewe alikuwemo ziwani siku zote, na wazee wetu wamemla bila kumjua.

Nikimla atanidhuru?

Hapana. Yeye ni wa kundi la monojenea, ambao hukaa zaidi kwenye ngozi na matamvua ya samaki. Yai likianguliwa majini, lava, yaani mtoto wa mnyoo, huogelea moja kwa moja kutafuta samaki mwingine. Hapitii kwa konokono wala kwa binadamu. Jua la kuanikia dagaa na mafuta ya kukaangia humaliza kazi.

Sasa walijuaje kuwa ni spishi tofauti?

Hapa ndipo penye kazi. Unafunua kifuniko cha shavu la dagaa, unakata tamvua, unaliweka kwenye maji chini ya hadubini na kuchambua nyuzi zake nyekundu moja moja kwa sindano. Mnyoo hafiki hata milimita 1, na mwili wake unapitisha mwanga. Mara nyingi unamgundua kwa sababu anayumbayumba, mkia ukiwa umeng'ang'ania tamvua kwa vindoano.

Vindoano hivyo ndivyo kitambulisho chake. Mnyoo hubanwa taratibu kati ya vioo viwili, kisha vindoano, vipau vinavyovishikilia na kiungo chake cha kiume hupimwa na kulinganishwa na vya minyoo waliokwisha kujulikana. Dagaa wa Tanganyika ni wa spishi mbili. Ndugu yake, aliyepewa jina na mtafiti Paperna mwaka 1973, huishi kwa *Limnothrissa miodon* tu. Huyu mpya anakaa kwa samaki huyo na pia kwa spishi ya pili, *Stolothrissa tanganicae*. Vinasaba navyo vilipimwa. Vielelezo huhifadhiwa makumbusho, ili mwenye shaka akajionee mwenyewe.

Kazi yote hiyo ya nini, kama mnyoo huyu hatudhuru?

Kwa sababu mnyoo hueleza safari za samaki. *Limnothrissa* walipandikizwa Ziwa Kivu na, miaka ya 1960, Kariba. Yule ndugu aliyepewa jina mwaka 1973 alikutwa Kariba, Kivu hakuonekana. Kwangu mimi, ziwa linalolisha nchi nne kama Tanganyika linastahili kuchunguzwa hivyo.

Na ule utepe mweupe tumboni mwa dagaa wa Ziwa Victoria?

Huyo ni *Ligula*, wa jamii ya tegu. Hukomaa ndani ya ndege walao samaki, kama mnandi. Toa matumbo, pika.

Basi mnyoo bapa yupi wa kuogopa?

Mnyoo wa kichocho! Huyu haji kwa kula samaki. Hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi yako unapooga, unapofua au unapovuta nyavu ufukweni. Wapo pia minyoo wa ini wanaopatikana kwa kula samaki wabichi. Thailand wamehusishwa na saratani ya mirija ya nyongo. Kwa hiyo samaki wa maji baridi aive hadi ndani.

Ukiona damu kwenye mkojo au choo, nenda kituo cha afya ukapimwe. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, na dozi yake hupangwa kwa uzito wako. Watoto wanaopewa shuleni hupimwa kwa urefu.